Walinichujia Mvinyo Usiochujwa

Nyota moja, na hata hiyo ni ya kijana wa kaunta ambaye nitamfikia huko chini. Bila yeye nisingewapa kitu.

Niliagiza chupa ya prosecco ya col fondo, ule mvinyo wa Kitaliano unaouzwa na mashapo yake ndani ya chupa. Nikaletewa jagi. Jagi la kioo, ndani yake kinywaji angavu kabisa, kimetulia tuli, hakina povu wala kiputo. Nikamuuliza mhudumu chupa yetu iko wapi. Akanijibu kwa heshima zake zote, "Ndiyo hii, mama. Ilikuwa na uchafu chini, jikoni wamekuchujia."

Wamenichujia! Mvinyo ambao sababu nzima ya kuuagiza ni kwamba haukuchujwa.

Ni mkahawa mmoja wa ufukweni hapa Malindi, katika ile inayowalenga Waitaliano, na ndiyo maana nimeumia zaidi. Ingekuwa kibanda cha chipsi nisingesema neno. Hawa menyu yao ni Kiitaliano kuanzia mkate hadi kahawa, wahudumu wanakusalimu "buonasera" kabla ya "hujambo", na kwenye orodha ya vinywaji wameandika wenyewe kwamba mvinyo huo haujachujwa. Wameuandika, wameupandishia bei kwa sababu hiyo hiyo, kisha wameuchuja.

Niliinuka nikaenda mwenyewe mpaka kwenye dirisha la jikoni. Pale palikuwa na faneli, juu yake karatasi ya kuchujia kahawa, ile ya kahawia yenye umbo la pia, na ndani ya karatasi tope laini la rangi ya krimu, bado linatoa viputo vidogo vidogo. Niliinamia nikainusa. Harufu ya mkate uliotoka tanurini, ya ganda la limau, na kwa juu kahawa ya asubuhi, maana hata faneli hawakuiosha vizuri. Mvinyo wangu ulikuwa pale, kwenye karatasi, na mpishi alikuwa keshanyoosha mkono autie kwenye ndoo ya taka.

Nilionja cha kwenye jagi ili nisije nikawasingizia. Gesi imekwisha. Ladha ya karatasi mbele, na nyuma yake tufaha lililokatwa likaachwa mpaka likabadilika rangi. Ni sawa na kupikiwa mchuzi wa samaki, samaki akatupwa, ukaletewa supu tupu na kuambiwa imesafishwa.

Mimi kinywaji hiki sikukisoma mahali. Niliishi miaka kadhaa mkoa wa Treviso, kaskazini mashariki mwa Italia, na kila Septemba nilikwenda na wenzangu kuvuna zabibu za Glera kwenye vilima vya kati ya Conegliano na Valdobbiadene. Vilima vile UNESCO iliviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2019, na wengi wanavijua kwa picha. Mimi navijua kwa magoti. Kuna miteremko mikali mno, mashine haipiti, kila kichala ni mkono na mkasi, unapanda na kreti tupu unashuka nayo imejaa. Jioni mwenye shamba alikuwa akitutolea chupa zisizo na lebo, zimezibwa kwa kizibo cha soda. Hiyo ndiyo col fondo, kinywaji cha nyumbani kwao, cha kula nacho soseji na jibini huku mikono ingali inanata.

Ile prosecco iliyojaa kwenye supamaketi huchachuka mara ya pili ndani ya tangi kubwa la chuma, kwa njia aliyoibuni Mwitaliano Federico Martinotti mwaka 1895 na Mfaransa Eugène Charmat akaiboresha mwaka 1907. Ikishapata gesi yake huchujwa, ikatiwa chupani ikiwa angavu kabisa. Sina ugomvi nayo, kwenye harusi naipokea vizuri. Lakini kabla ya matangi hayo wakulima wa vilimani walitia mvinyo chupani ungali na sukari kidogo, joto likirudi baada ya baridi hamira inaamka, inakula sukari, inatoa gesi, inakufa na kulala chini. Inabaki humo humo. Wafaransa wa Champagne nao huchachushia chupani, ila wao mwishowe huyatoa mashapo na kuziba upya. Huku hayatolewi. Unafungua, unamimina taratibu, unakunywa.

Na hayakai humo bure. Hamira ile hunyonya oksijeni iliyomo chupani, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kupunguza salfaiti, ile dawa ya kuhifadhia mvinyo. Seli zake zikivunjika polepole zinaupa mvinyo uzito kidogo mdomoni na ile ladha ya ganda la mkate. Ukiisimamisha chupa wima kwenye baridi usiku kucha, glasi ya kwanza inatoka angavu: limau, tufaha bichi, chumvi kwa mbali, kavu kabisa kwa kuwa sukari imekwisha. Kila unavyoendelea kumimina ukungu unazidi. Ya mwisho ni nyeupe ya mawingu, ina uchungu mwembamba nyuma ya ulimi, na kwangu mimi hiyo ndiyo ya kugombaniwa. Wapo wanaoipindua chupa kwanza ili ichanganyike toka mwanzo, na nimewaona wazee wawili wa kule wakinuniana jioni nzima kwa jambo hilo. Ila kuyatupa mashapo hakuna aliyekutaja.

Basi nikaomba meneja aje. Alikuja na tabasamu, likakatika nilipofungua mdomo.

"Dada," akaniambia, "hapa hatumpi mgeni kinywaji kichafu."

Nikamwambia si uchafu, ni hamira, na orodha yenu imesema hivyo. Hakuitazama hata hiyo orodha. Akamtazama wifi yangu niliyekuwa naye mezani, akamshusha akampandisha, leso yake na ndala zake, kisha akanigeukia. Na hapa nanukuu, kwa sababu meza ya pili walisikia: "Kama mnapenda machicha si mngeenda mangweni?"

Kwa msiotoka Pwani, mangweni ndiko kunakonywewa mnazi, yaani tembo la mnazi.

Wifi yangu ni Mgiriama, mtu wa Kaloleni. Baba yake alikuwa mgema, na kwa minazi ile amesomesha watoto. Nilimwalika mimi, kwa kuwa miaka yote namsimulia mvinyo wa Treviso na nilitaka siku moja auonje mwenyewe. Hakujibu kitu. Aliweka uma chini, akatazama baharini. Mimi ndiye niliyewaka.

Kwa hiyo meneja, nisikilize sasa, maana siku ile ulinipa mgongo. Huo mnazi unaoudharau ni ndugu wa hiyo chupa unayoiuza kwa maelfu. Mgema anapanda asubuhi, anapanda jioni, anachonga karara, utomvu unadondoka kibuyuni na unaanza kuchachuka huko huko juu kwa hamira ya hewani na ya kibuyu chenyewe, kabla hajashuka. Ukiwa mbichi ni mtamu, jioni ni mkali, kesho unaelekea siki. Nyuki walioangukia ndani huchujwa, ndiyo, lakini weupe wake hauguswi na mtu. Wazee wa Kigiriama wanawamwagia koma zao, yaani mizimu ya wahenga, mnazi huo, wanaupeleka kwenye mahari, na binti wa mgema anaujua mzuri na mbaya kwa kunusa tu. Ulikuwa unamfundisha usafi mtu aliyekua na kinywaji hai ndani ya nyumba yao.

Nitasema na upande wa pili, haki ni haki. Si kila mvinyo wenye ukungu ni mzuri, na wapo watengenezaji wanaojificha nyuma ya ukungu huo kuuza kitu kilichoharibika. Nimewahi kukutana na ile ladha ya panya. Puani haisikiki kabisa. Unameza, unasubiri kidogo, ndipo mdomo mzima unakuwa kizimba cha panya, na haiondoki kwa maji wala kwa mkate. Chupa ya hivyo irudishwe, hakuna cha "ndivyo ulivyo". Tena joto letu nalo ni tatizo. Mvinyo uliopitishwa kwenye chujio za kiwandani zenye matundu madogo kuliko bakteria unavumilia mengi, lakini huu una vitu hai ndani yake, na ukiachwa kwenye kreti juani, au stima ikipotea siku nzima friji ikapata joto, unaweza kubadilika. Meneja angeniambia, "Dada, tunaogopa hii imeharibika, ngoja tuonje," ningemheshimu. Labda hata huyo mpishi aliogopa kwa nia njema. Mhudumu wetu yeye nia yake ilikuwa njema, hilo nalijua, na siyo yeye ninayemlalamikia.

Meneja alipoondoka, akaja kijana wa kaunta. Akainama kidogo, akasema taratibu, "Mama, poleni sana. Kuna nyingine imesimama kwenye friji tangu jana. Nikufungulie hapa hapa mkiona?"

Aliileta imesimama, mkono mmoja shingoni mwingine kitakoni, anatembea polepole isitikisike. Akafungua, ikapumua kidogo. Halafu akafanya jambo ambalo sijaliona tena tangu nirudi Kenya: alizisogeza glasi mbili zikagusana, akaimimina ya wifi, na bila kuinua shingo ya chupa akahamia kwenye yangu. Ukiirudisha chupa wima katikati, mashapo yanavurugika. Huyu aliiacha imelala pale pale na mkono haukutetemeka. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, nani kakufunza?" Akasema kuna mzee wa Kitaliano anayekuja kila Agosti, alimwonyesha.

Ule ulikuwa mvinyo. Baridi, limau, viputo vidogo visivyo na fujo, na changu wa kuchoma alifika wakati huo huo, mafuta yake bado yanachemka kwenye ngozi. Wifi alikunywa glasi ya kwanza bila kusema. Ya pili akaanza kuangalia ndani ya glasi. Chupa ilipofika chini, ukungu umejaa, akaonja, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tukae. "Wifi, huu mwishoni una mnazi." Akaomba kilichobaki chote kiwe chake, na mimi ambaye huwa simwachii mtu glasi ile, nikamwachia.

Kwa muda huo nilikuwa nimeshawasamehe. Nawaambia kweli, kichwani nilikuwa naandika maoni mengine kabisa: nendeni, ombeni chupa iliyosimama kwenye friji, ifunguliwe mezani mbele yenu, mwiteni kijana wa kaunta. Nilikuwa nawapa nyota nne, na ya tano naizuia kwa ajili ya meneja tu.

Ikaja bili. Chupa mbili, bei kamili zote mbili.

Nikamwita tena yule bwana. "Chupa ikishafunguliwa imenunuliwa," akasema, huku anatazama simu yake. Nikamwambia mliyeifungua ni nyinyi, mbali na macho yangu, mkaichuja bila kuniuliza, na nusu ya nilichoagiza iko kwenye ndoo yenu ya taka. "Jagi si tulikuletea?" Jagi lilikuwa bado liko mezani, limepungua funda moja. Nilitaka kukaa pale mpaka asubuhi. Wifi akanishika mkono, akaniambia tulipe twende, hataki usiku wake uishie kwa kelele. Nikalipa kwa heshima yake.

Kwa hiyo zile nyota nne nimezifuta. Wala sitaki mtu anisome vibaya akadhani mvinyo ndio ulionikosea. Mvinyo ni mzuri, nasema ni katika vinywaji vizuri kabisa vinavyofika hapa Malindi, na mtengenezaji wake hana hatia. Mkiona chupa yenye ukungu chini, imeandikwa col fondo au sui lieviti, yaani "juu ya hamira yake", msiiogope. Inunueni dukani muinywe kwenu, muisimamishe kwenye friji, mle nayo samaki. Mkiinywa mkahawani, semeni mapema kabla haijaguswa: isiguswe.

Na wewe meneja, malipo yangu unayaona, niliilipa bili ile kwa M-Pesa. Nirudishie pesa ya chupa ya kwanza. Kisha umwombe radhi wifi yangu, kwa Kigiriama kama unakiweza, kwa leso uliyoitazama vile na kwa baba yake. Ukishafanya yote mawili nitarudi hapa niibadilishe hii nyota.