TAHADHARI: Domu za mbao za "mbao 65, unafunga mwenyewe" hapa Arusha na Moshi

Ndugu zetu wenye kambi za wageni na mabanda ya bustani, kuanzia Njiro na Usa River hadi Machame na Marangu: kuna muuzaji anazunguka na ofa ya domu (banda la umbo la nusu mpira, linaloundwa kwa pembetatu za mbao) ya kipenyo cha mita 6, mbao zote 65 zimeshakatwa, eti siku mbili tu imesimama. Anataka asilimia 70 kwa simu kwanza, na namba anayotoa imesajiliwa kwa jina lisilo lake. Picha anazotuma ni za kazi za watu wengine. Msimlipe.

Hiyo 65 ni hesabu sahihi, na hapo ndipo mtu anaponaswa. Domu ya kawaida ya aina hii, nusu tufe ya kipenyo cha mita 6, ina vipande 65 kweli, ila vya urefu wa aina mbili: vifupi 30 na virefu 35. Ukipima katikati ya kiungo hadi katikati ya kiungo, kifupi ni sm 164 na kirefu sm 185.4. Yeye analeta vyote urefu mmoja. Pembetatu sita zenye pande sawa zikikutana mahali pamoja zinatimiza nyuzi 360, yaani zinalala bapa. Kinachosimama ni kitu cha pembepembe, turubai lililoshonwa kwa domu halikai sawasawa, na masika yakianza maji yanatuama kwenye mikunjo.

Mizigo mingine ina urefu wa aina mbili, lakini nafasi ya kiungo haikupunguzwa kwenye urefu wa mbao. Kiungo cha bomba la kipenyo cha sm 10 kinachukua sm 5 kila ncha, hivyo kirefu kinatakiwa kukatwa sm 175.4 na kifupi sm 154. Usipopunguza, kila upande wa chini unazidi sm 10. Pande ni 10, kwa hiyo mzunguko umeongezeka mita nzima, na bolti ulizokwisha kuzika kwenye zege hazikutani na mbao.

Mbao zenyewe ni paini mbichi iliyopakwa oili chafu ionekane ina dawa. Ikikauka inasinyaa, bolti zinalegea, ncha zinapasuka, hasa kwa sababu matundu yametobolewa sm 3 tu kutoka mwisho. Bolti ya mm 10 inataka angalau sm 8, na washa pana pande zote mbili. Kujua ubichi, pima uzito wa kipande kimoja, kiweke kivulini wiki moja, kipime tena. Uzito ukishuka sana, mbao haijakauka.

Kwa muuzaji yeyote wa domu, nenda karakana na futi kamba kabla ya kutoa hata shilingi. Mwambie afunge kilele tu: vifupi vitano vikutane kati, virefu vitano vizunguke, viungo sita. Ni kazi ya nusu saa. Kiungo cha kati kikipanda kama sm 45 juu ya vile vya pembeni, vipimo ni vya kweli. Kikipanda zaidi ya sm 80, vipande vyote ni vya urefu mmoja. Anayekataa jaribio hili, mwache.

Aliyekwisha kulipa asifute meseji wala muamala, akachukue RB (namba ya taarifa) polisi. Na kama vipande ulivyoletewa vyote ni vya urefu wa sm 175.4 au zaidi, usivichome: 30 kati yake vinaweza kupunguzwa viwe vifupi na kutobolewa upya, mradi mbao ziachwe zikauke kwanza.