Mashine ya kurushia theluji ya nyuma ya trekta: kavu naipa tano, mbichi ngojeni nikwambieni

Assalaam alaykum jamaa. Nimerudi Wete likizo na tangu nifike hapa barazani hakuna suali jengine ila hili, eti kule theluji mnaiondoa na nini, mnazoa kwa pauro? Nishajibu mpaka koo limenikauka, bas naandika mara moja na atakayeniuliza tena namtumia hii.

Mie nipo Kanada, Ontario, shamba la ng'ombe, na misimu miwili sasa kazi yangu ya alfajiri ni kusafisha njia ya shamba kwa trekta ya hosipawa 45 yenye mashine ya futi 6 imefungwa nyuma. Jina la kampuni silitaji. Ilivyo ni hivi, kuna chuma kimejizungusha kama parafujo, kinaikokota theluji kutoka pembeni kuileta kati, halafu kuna pangaboi la chuma zito linaipiga linaitoa juu kupitia shingo, na shingo unaigeuza upande uutakao. Nguvu inatoka PTO, ile ile shafti ya nyuma inayozungusha rotaveta ya kulimia mabondeni kwetu, mizunguko 540 kwa dakika.

Theluji kavu ya Januari mashallah, unga wa ngano, inaruka huko hata hujui imeangukia wapi. Kasheshe ni Machi, baridi ikilegea ikakaribia sifuri, hapo inayoanguka si unga tena ni bokoboko. Wallahi bokoboko, lile lililopigwa mwiko likavutika. Mita moja ya ujazo ya theluji kavu mpya haifiki kilo 100, hii mbichi huwa nzito mara kadhaa, na inang'ang'ania chuma kama imetiwa gundi.

Siku ya kwanza niliingia nayo kama nilivozoea, gia ya tatu, injini nimeishusha nikijidai naokoa dizeli. Hata sijafika mbali nkasikia mlio umekuwa mzito, kutazama shingoni kinatoka kitu polepole kama dawa ya meno, nkashtuka nkakanyaga klachi mpaka chini, na hapo ndo ikaziba tii.

Jana namhadithia ami yangu mmoja hapa, kaendesha trekta la mpunga miaka mingi, akanikatiza.

"Klachi ya ngazi moja au mbili?"

"Mbili, ami."

"Sasa ukikanyaga yote ya nini? Si unaizima PTO na tope limo ndani!"

Mtu hajaiona theluji hata siku moja, lakini kosa kalijua kabla sijamaliza maneno! Na ndo siri yenyewe hiyo. Injini juu mpaka PTO ifike 540, gia ndogo kabisa, ikizidiwa kanyaga klachi nusu, matairi yasimame lakini pangaboi liendelee kuzunguka limeze lilichonacho. Ikibidi chukua nusu ya upana tu, futi 3, urudi tena. Hivo inakwenda, ila usitegemee itarusha mbali, inaanguka hapo hapo karibu, kwa hiyo panga mapema unaimwaga upande gani. Barabarani usimwage, Ontario hilo ni kosa kisheria.

Jengine, mashine ikilala bandani penye joto ukaitoa ukaanza papo hapo, theluji inayeyuka kwenye chuma halafu inaganda. Mie naitoa nje mapema ipoe, na ndani ya shingo napaka mafuta ya kupikia, ndio, ya kupikia, yanasaidia ingawa baada ya saa moja unapaka tena. Ikiziba zima PTO, zima injini, toa funguo, zibua kwa kijiti. Mkono hapana hata kama kila kitu kimesimama, na nawaambia hasa nyie vijana mnaojiona mafundi.

Sasa lililoniudhi. Moja shingo, yangu mie si ya mashine, maana imefungwa nyuma na unakwenda rivasi asubuhi nzima umejipinda, jioni ukitoa salamu ya sala upande wa kulia unaona nyota. Pili boliti. Ile shafti ina boliti laini iliyowekwa makusudi ikatike mashine ikigonga jiwe au donge la barafu, igharimike boliti gearboksi isalimike. Bas kwenye lile tuta gumu linaloachwa na gari la kusafisha barabara mdomoni mwa njia, asubuhi moja nimekata tatu. Aliyenitangulia kazi hiyo alichoka akatia boliti ngumu ya kawaida. Haikukatika kweli, likakatika jino la gearboksi, na tajiri wetu akalipa akawa hasemi na mtu wiki nzima.

Njia ikiwa ya kokoto teremsha vile viatu, vyuma vya pembeni inavyotelezea mashine, mdomo wake uinuke kidogo, la sivyo unarusha mawe.

Kwa hiyo kavu tano kati ya tano, mbichi tatu, na ikishakuwa majimaji kama uji usihangaike nayo, funga bledi, lile bamba la chuma la kusukumia, usukume tu. Anayekwenda kufanya kazi hizo anunue boliti zake nyingi, zile zile za mashine. Mie natembea nazo mfukoni, na juzi nafungua begi hapa Wete kumtolea mama kanga zake ikadondoka moja, ami kaichukua anasema ataijaribu kwenye rotaveta.