Amri ya shutdown: nazima kompyuta 22 nikiwa nimekaa

Maabara yetu ina kompyuta 22 za Windows, na anayefunga mlango jioni ni mimi. Zamani nilizunguka meza hadi meza nikizima, na bado asubuhi nakuta mbili tatu zimekesha zikila LUKU. Siku hizi naandika hivi kwenye Command Prompt, dirisha la kuandikia amri:

shutdown /s /m \\LAB07 /t 300 /c "Tunafunga. Hifadhi kazi yako."

/s ni kuzima, /m ni jina la mashine (hapa LAB07), /t ni sekunde za kusubiri na /c ni ujumbe. Ujumbe unamtokea aliyekaa LAB07, naye ana dakika tano. Kwa mashine zote nina faili dogo la .bat (faili la amri zinazofuatana) lenye mstari huo kwa kila jina. Hakuna cha kununua wala kupakua, amri imo humo humo ndani ya Windows.

Kuianzisha ndiko kulikonitoa jasho. Jibu la kwanza lilikuwa "Access is denied.(5)", na nenosiri la admini ninalo! Kumbe mashine zisipokuwa kwenye domeni (mtandao wenye akaunti zinazosimamiwa mahali pamoja), Windows humpunguzia nguvu admini wa mashine husika anapoingilia kwenye mtandao. Nikaweka akaunti yenye jina na nenosiri moja kote, nikabadili LocalAccountTokenFilterPolicy, mpangilio unaoondoa kizuizi hicho, kuwa 1 kwenye rejista (hazina ya mipangilio ya Windows) ya kila mashine, ikakubali. Ulinzi unapungua, najua. Kompyuta ya mhasibu sikuigusa.

Kilichoniumiza ni /f, yaani kufunga programu kwa nguvu. Sikuiandika, nikidhani mwenye kazi ambayo hajaihifadhi atasubiriwa. Wapi! Muda ukizidi sifuri, /f inajiweka yenyewe na programu zinafungwa kwa nguvu. Mwalimu mmoja alikuwa ametoka kunywa chai. Karudi, skrini nyeusi, na alama za darasa zima alizokuwa akiingiza kwenye Excel hazipo. Angenipigia simu mapema, shutdown /a /m \\LAB07 ingesitisha yote. Nimemwomba radhi wiki nzima.

Kumtoa mtu kwenye akaunti huku mashine ikibaki imewaka ni habari nyingine, maana /l, ya kumtoa mtu, haifanyi kazi pamoja na /m. Natumia quser /server:LAB07 kuona namba ya kikao, halafu logoff 2 /server:LAB07 kama namba ni 2. Hapa napo ilibidi kwanza niwashe AllowRemoteRPC, mpangilio unaoruhusu amri hizi kutoka mashine nyingine, kwenye rejista.

Sasa kila jioni naanza na quser. Nikiliona jina la mwalimu yule, mashine yake naiacha, naenda kumwambia kwa mdomo.