Uzoefu wangu: kuta na sakafu mpya za remorke ya kulala, katika karakana moja ya Kampemba, Lubumbashi

Karakana niliyoipa kazi hii iko katika komini (wilaya ya mji) ya Kampemba, na riziki yake ya kila siku hutokana na bodi za malori na viti vya mabasi madogo. Niliipelekea remorke ndogo ya kulala, yaani tela la kukokotwa na gari, yenye umbo la tone la maji, aina ambayo Wamarekani walianza kuijenga katika miaka ya 1930 na ambayo ilienea kwao baada ya Vita vya Pili vya Dunia: chumba cha kulala watu wawili, kimo cha mtu aliyeketi, na jiko la nyuma lililo chini ya kifuniko kinachofunguka kwenda juu. Yangu iliingia mjini kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa, nami nikainunua kwa mhandisi wa mgodi aliyekuwa anarudi kwao. Chesi na ekseli zilikuwa nzima, na mabati ya alumini ya nje yaling'aa vya kutosha kumdanganya mnunuzi. Ila ukibonyeza sehemu ya chini ya ukuta kwa kidole gumba, kidole kilizama.

Niseme mapema kwamba nimeridhika na kuta, nimeridhika zaidi na sakafu, na sijaridhika na kifuniko cha jiko.

Jambo la kwanza lililonipendeza ni kwamba fundi mkuu alikataa kutaja bei kabla ya kuifungua. Mabati yalitolewa taratibu, kila kipande kikaandikwa upande wake kwa chokaa, na ndipo tukaona ubao ulivyooza. Katikati ya kuta, mahali palipo wazi na kupigwa na jua, ubao ulikuwa mkavu kabisa. Uozo ulikuwa umefuata kingo: ukingo wa chini ambako ukuta hukutana na sakafu na kurushiwa maji na magurudumu, mstari wa skurubu zinazoshika mikanda ya alumini ya kona, na pembeni mwa bawaba za kifuniko. Ubao wa tabaka hunywa maji kupitia ukingo wake, ambako nyuzi zimekatwa na kuachwa wazi, kuliko kupitia uso wake. Anayetafuta karakana ya kazi kama hii asitazame rangi ya nje ya kazi zao za zamani. Aombe kuona wanavyoziba kingo.

Kisha ikaja habari ya kununua tripleksi, yaani huo ubao wa tabaka. Tripleksi zinazouzwa mjini hufanana zikiwa zimepangwa dukani, lakini gundi zake hazifanani. Nilikuwa nimekwisha kutoa pesa mfukoni fundi aliponizuia: "Papa, usilipe bado. Tuchukue vipande, tuchemshe kwanza." Walichemsha vipande vya maduka mbalimbali kutwa nzima juu ya mbabula (jiko la makaa), ndani ya sufuria kuukuu, na kabla ya saa sita mchana kimoja kilikuwa kimefunguka tabaka baada ya tabaka. Hicho kilikuwa na gundi nyeupe ya samani za ndani. Kilichostahimili kilikuwa na mistari myeusi ya gundi ya fenoli, gundi ambayo haiogopi maji. Hata hivyo fundi hakutaka tuamini rangi pekee, na ndiyo maana ya sufuria. Tulichagua ubao wa okoume, mti wa Gabon unaopendwa na wajenzi wa mashua kwa sababu ni mwepesi na hupindika vizuri. Okoume yenyewe haina nguvu ya asili ya kupambana na uozo, kwa hiyo uhai wake wote hutegemea kinachopakwa juu yake, na hapo tunarudi kwenye kingo.

Ukuta wa remorke hizi hutoshea karibu kikamilifu katika ubao mmoja wa mita 1.22 kwa 2.44. Kwa kuwa ukuta wa kushoto ulikuwa umeoza hadi umbo lake kupotea, mafundi walichora umbo kutokana na ule wa kulia, wakabana mbao mbili za milimita 18 pamoja, wakazikata kwa mpigo mmoja na kuzisawazisha kwa randa na msasa zikiwa bado zimebanwa. Matokeo yake ni kwamba mapinde ya pande zote mbili yanalingana, na kifuniko hakipindi kinapofunguliwa. Kipande kilichotolewa kwenye nafasi ya mlango hakikutupwa. Ndicho kilichokuwa mlango. Ndani ya kuta walikata mashimo makubwa ili kupunguza uzito, wakayajaza frigoliti (povu gumu jeupe la plastiki linalozuia baridi), kisha wakafunika kwa ubao wa milimita 3. Usiku wa mwezi Julai, baridi ya Lubumbashi inaposhuka chini ya nyuzi 10, frigoliti hiyo hujulikana kazi yake.

Sakafu ndiyo iliyonishawishi kabisa. Ubao wa milimita 12 uliwekwa juu ya fremu ya mninga, na kabla ya kuugusisha na chesi walipima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili kwa mkingamo, mpaka vipimo viwili vikalingana. Kila tundu la bolti lilitobolewa kubwa kuliko lilivyohitajika, likajazwa epoksi (gundi ya kuchanganywa na kigumushi), likaachwa likauke, kisha likatobolewa tena katikati kwa kipimo sahihi, hivi kwamba chuma hakigusi ubao mahali popote. Uso wa chini ulipakwa epoksi kwanza na lami juu yake. Baadhi ya mafundi mjini hupaka lami peke yake, na sioni sababu ya kubisha kwamba hufaa kwa muda. Lakini lami ikipata ufa kwa jiwe la barabarani, maji huingia na kufungiwa humo. Epoksi ilichelewa kukauka kwa sababu ya baridi, nao hawakuilazimisha kwa kuongeza kigumushi, jambo ambalo lingeharibu mchanganyiko. Walihamishia kazi kwenye saa za mchana na kusubiri, na hapo ndipo tarehe ya kukabidhi ilipoanza kusogea. Kwa ucheleweshaji huo siwalaumu.

Mabati ya alumini hayakugundishwa ukutani. Alumini hutanuka kwa joto kuliko ubao: bati la mita 2.4 huongezeka karibu milimita 2 joto likipanda nyuzi 40, na bati lililogundishwa huishia kuvimba katikati. Hapa yanashikwa na mikanda ya kona tu, chini yake kuna utepe mlaini wa butili (mpira unaonata na kuzuia maji), na skurubu zote ni za chuma kisichoshika kutu. Kwenye madirisha, kwa bahati mbaya, fundi kijana alikuwa amekwisha kupaka silikoni. Niliomba itolewe, kwa kuwa silikoni ikizeeka huachia, na mabaki yake hukataa rangi na gundi yoyote inayofuata. Waliitoa bila kunung'unika, ila gharama ya msasa na kazi ya ziada iliandikwa kwenye ankara yangu, na hilo sikulipenda.

Tuliijaribu kwanza kwenye lami ya kwenda Likasi, kilomita takriban 120, ambako haikutoa hata mlio. Baadaye tuliipeleka kwenye barabara za udongo upande wa Kundelungu, na huko vumbi jekundu lilitusaidia kuliko kipimo chochote. Kuta zilikuwa safi ndani, kona za sakafu zilikuwa safi, lakini rafu za jiko zilikuwa zimepata mstari mwekundu ulionyooka kutoka kila bawaba hadi chini. Mahali vumbi linapopita, mvua nayo itapita. Walikuwa wametumia mpira wa mlango wa gari, ambao ni mgumu mno kwa kifuniko chepesi kama hiki: kikifungwa, kinasukumwa nyuma badala ya kubanwa. Kinachohitajika ni mpira wenye tundu katikati, unaobonyea, pamoja na kiambaza kidogo cha alumini juu ya bawaba cha kuelekeza maji pembeni.

Bei ilikubaliwa kwa dola, nusu mwanzoni na nusu kwa awamu mbili, na haikupanda isipokuwa kwa silikoni niliyoitaja. Si kazi ya bei rahisi. Karakana ya vitanda na makabati ingechukua pungufu sana, lakini haijui mtikisiko wa barabara. Mwenye remorke ya aina hii aipeleke mwezi Mei au Juni, ubao ukiwa mkavu, na aandike kwenye mkataba aina ya mpira wa kifuniko pamoja na matundu mawili ya hewa yenye wavu wa mbu, moja juu na moja chini, kwa sababu pumzi za watu wawili usiku mmoja hulowesha dari. Yangu inarudi Kampemba kwa ajili ya kifuniko, nao wamekubali kukirekebisha kwa gharama yao kabla ya mvua za Novemba.