Vikombe vya Old Country Roses vya zamani: nilivyopigwa onlaini na nnavyonunua sasa hivi

Kila sikukuu nikituma picha ya chai kwenye grupu la familia maswali ni yaleyale, hivo vikombe umevitoa wapi, bei gani, orijino au feki, unaweza kunitafutia na mimi. Leo nimekaa niandike yote kwa mpigo, nilichonunua, nilipopigwa na nnavyofanya sasa hivi, maana hela ya mtu inauma na haya mambo ya vyombo vya zamani ukiingia kichwakichwa unalia.

Mi naishi Leicester, Uingereza, huu mwaka wa sita, ila nimekulia Tanga kwa bibi mzaa mama. Bibi alikua na kabati la vioo sebuleni, ndani kuna vikombe sita vya maua ya waridi mekundu na ya njano vyenye ukingo wa dhahabu, ufunguo wa kabati anaufunga kwenye pindo la khanga, na havikutoka humo mpaka aje mgeni wa heshima hasa. Alipofariki Mungu amrehemu vitu viligawanywa, vikombe vingine vilishavunjika, mi nikapata kisahani kimoja tu. Nimekuja nacho huku kimefungwa kwenye kanga tatu. Siku moja nakiosha nikakigeuza, chini kuna taji, Royal Albert, Bone China, England, Old Country Roses. Royal Albert ndo jina la kiwanda, bone china ndo aina ya kauri, na Old Country Roses ndo jina la mchoro wa maua. Yaani miaka yote ile nakiangalia kwa juu tu. Hapo ndo nikasema lazima nikipatie wenzake.

Nikaingia onlaini. Nikakuta muuzaji mmoja ana seti ya vipande 21, yaani vikombe sita, visahani sita, sahani ndogo sita, sahani ya keki, kijagi cha maziwa na bakuli la sukari, ameandika seti kamili ya mwaka 1962, hali nzuri kabisa, pauni 95 pamoja na posta. Picha zake nne, zote zimepigwa kwa juu, hakuna hata moja inayoonyesha chini. Mi nikaona maua ya bibi nikalipa hapohapo.

Boksi lilikuja baada ya siku tano, na nilipolinyanyua tu nikasikia kitu kinachezacheza. Vikombe alikua amevipachika kimoja ndani ya kingine, katikati kaweka gazeti ukurasa mmoja, visahani kavifunga kwa rundo. Visahani viwili vimepasuka katikati, kikombe kimoja mkono umetoka wote. Nilikaa chini sakafuni na lile boksi nikashindwa hata kuongea, sio kwa sababu ya hela.

Nikaanza kugeuza kimojakimoja vile vilivyopona. Kumbe sio seti hata kidogo. Vikombe vitatu vina neno England, vingine havina kabisa, maandishi ya muhuri tofauti, hata wekundu wa waridi ukiviweka pamoja dirishani unaona haulingani. Sasa hapa naomba msome polepole maana hili ndo linalowaponza wengi: 1962 ndo mwaka mchoro wa Old Country Roses ulipotoka, aliyeuchora ni Harold Holdcroft, na huo mwaka kiwanda kiliendelea kuuandika kwenye mihuri ya vyombo vilivyotengenezwa miaka mingi baadae. Kwa hiyo mtu akikwambia kikombe ni cha 1962 kwa sababu kimeandikwa 1962 chini, ni sawa na kusema khanga imechapwa mwaka ule methali yake ilipotungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 utengenezaji ulihamia Indonesia, na vya huko mara nyingi neno England halimo. Sisemi vya Indonesia ni vibovu, ni bone china vilevile na nimeshanywea, ila ukiuziwa kama vya zamani kutoka Uingereza umedanganywa, na kama unataka kulinganisha na kisahani cha bibi yako havitakaa pamoja.

Muuzaji nilimwandikia na picha za kila kitu. Mwanzo akasema posta ndo wamevunja, alafu akasema yeye kanunua hivohivo kwa mama mmoja, mwisho baada ya wiki tatu akanirudishia pauni 40. Nikakubali yakaisha.

Kilichonibadilisha kabisa ni safari ya Longton. Kutoka Leicester unaenda Derby, pale unabadilisha treni inayoelekea Stoke na Crewe, unashuka Longton. Stoke-on-Trent ni miji sita iliyounganishwa, Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton, na eneo zima mpaka leo wanaliita The Potteries, yaani mahali pa wafinyanzi. Royal Albert ilianzia hapohapo Longton. Kuna makumbusho yanaitwa Gladstone, ni kiwanda cha zamani kimeachwa na matanuri yake yenye umbo la chupa, nene chini jembamba juu, unaingia ndani kabisa unasimama pale ambapo vyombo vilikua vinachomwa. Enzi zake matanuri ya hivo yalikua zaidi ya 2,000 mji mzima, moshi wa makaa mpaka mchana unakua kama magharibi, leo yamebaki chini ya 50. Nilijifunza kwamba chombo hakikuwekwa hivihivi kwenye moto, kilitiwa kwanza ndani ya kasha la udongo mgumu ili moshi usikiharibu, na kulikua na watu kazi yao ni kubeba hayo makasha kichwani wanapanda nayo ngazi ndani ya tanuri kuyapanga. Kichwani! Nilimkumbuka mama anavyobeba ndoo.

Na watu wa Stoke wana tabia moja nimeipenda, wakikaa mezani popote, hata harusini, wanageuza sahani kuangalia imetengenezwa wapi. Wengi wazazi wao walifanya kazi viwandani, wengine mama alikua anapaka ile dhahabu ya ukingo kwa brashi. Siku hizi na mimi nageuza, naomba radhi kwa wenyeji wangu wote.

Mama alipokuja kunitembelea aliuliza swali ambalo najua wengi mnalo, hiyo bone china mfupa upo kweli? Upo. Karibu nusu ya mchanganyiko ni majivu ya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa mpaka ikawa unga mweupe, inayobaki ni kaolini na jiwe la kutoka Cornwall. Josiah Spode wa Stoke ndo anayehesabiwa kuuweka sawa huo mchanganyiko mwishoni mwa miaka ya 1700, na ndo unaoifanya kauri ya Kiingereza iwe nyembamba vile lakini ngumu. Mama akasikiliza, akauliza mara mbili kama ni ng'ombe kweli, akanywa chai yake.

Sasa nnavyonunua. Kwanza onlaini seti nzima siigusi tena. Nazunguka chariti za hapa mjini, yaani maduka yanayouza vitu watu walivyotoa msaada, Jumatano na Jumamosi asubuhi, na yale masoko ya Jumapili ambayo watu wanauza vitu kwenye buti za magari, unaamka saa kumi na mbili na baridi yake, ila unakishika kitu mkononi. Kikombe nakiweka kwenye kiganja nakigonga kidogo na kucha, kikiwa kizima kinalia tiiing na sauti inakaa, kikiwa na ufa hata mwembamba kama unywele kinasema tok basi. Hiyo nimeijua tangu mtoto, si ndivo mama zetu wanavyochagua vyungu sokoni? Alafu nakielekeza kwenye mwanga naweka vidole nyuma, bone china nzuri unaona kivuli cha vidole vyako. Napitisha kidole ukingoni polepole na macho nimefumba, sehemu iliyomeguka kidole kinaiona kabla ya jicho. Natembea pia na katochi ka mwanga wa zambarau kama kale ka kukagulia noti, mahali palipogundishwa na kupakwa rangi upya mara nyingi panang'aa tofauti na pengine. Na chini ya chombo ukiona mkwaruzo umepita makusudi juu ya muhuri, kiwanda chenyewe kilikitoa kama cha daraja la pili, kina kasoro mahali, sio wizi ila bei lazima ishuke.

Mihuri nayo ukiizoea inaongea. Ukikuta jina England kwenye chombo cha zamani mara nyingi ni cha kuanzia 1891, kwa sababu Wamarekani walipitisha sheria 1890 kwamba bidhaa inayoingia kwao lazima iandikwe nchi ilikotoka. Royal Crown Derby, kiwanda kingine cha Kiingereza, wao wana namba za Kirumi za mwaka, I ni 1938 na unahesabu kwenda mbele, nina kisahani chao kimoja cha mchoro wa Imari chenye XL yaani 1977, nilikipata kwa pauni 4 chariti kwa sababu hakuna aliyekigeuza.

Bei kwa uzoefu wangu mwenyewe, kikombe na kisahani chake na sahani ndogo vya Old Country Roses vyenye England napata kati ya pauni 6 na 10, kijagi cha maziwa nilinunua 7, sahani ya keki 9. Nimechukua karibu miaka miwili kufikisha sita kamili na hesabu yote haijafika pauni 80. Ile minada ya vitu vya kale nilijaribu mara moja, ni pazuri na unaruhusiwa kushika vitu kabla, ila jueni kwamba juu ya bei uliyoshinda kuna ada ya mnada, mimi ilikua asilimia 25 na kodi juu ya hiyo ada, kwa hiyo kitu cha 40 kinakua 52 ukipiga macho.

Kuhusu kutumia, mi natumia, sikubali kabati liwe kaburi. Chai yetu ya maziwa iliyochemka na tangawizi na iliki inapendeza mno humu, na ukingo ule mwembamba unafanya hata mdomo uhisi chai tofauti, sijui niwaeleze vipi. Kikiwa cha baridi nasuuza kwanza na maji ya vuguvugu ndo namimina. Maikrowevu usithubutu, ile dhahabu inapiga cheche. Mashine ya kuoshea vyombo pia hapana, dhahabu inafifia kila ukiosha mpaka inaisha. Madoa ya chai nasugua taratibu na baking soda kwa kidole, jiki sitii kabisa.

Kwa hiyo nikitoa nyota, vikombe vyenyewe vya Old Country Roses vya England natoa tano bila kusita, kununua seti onlaini bila picha ya chini natoa moja, chariti na soko la buti za magari nne na nusu, hiyo nusu imeondolewa na baridi. Kikombe kimoja nilichokipata Loughborough siku ya mvua naweza kukipa kumi. Niliporudi nacho nikageuza, nikageuza na kisahani cha bibi, nikaviweka muhuri kwa muhuri mezani, taji lilelile, maandishi yaleyale, wekundu uleule. Nikampigia mama kwa video nimemwonyesha kikombe kimekaa juu ya kisahani, akanyamaza muda, alafu akasema mbona umekiweka kitupu, tia chai.

Kilichobaki ni buli. Lile kubwa, sio la vikombe viwili, lenye England, kifuniko kiwe chake mwenyewe kisiwe cha kuazima, na mdomo usiwe umemeguka, maana buli mdomo ndo unaoenda kwanza. Hilo bei yake bado inanitoa jasho, la mwisho nililoona walitaka 85. Ukiliona mahali nipigie hata saa nane ya usiku, ila kabla hujapiga ligeuze kwanza uniambie chini limeandikwa nini.