Kamusi isiyo na jalada niliyonunua Darajani kwa elfu tatu

Jina lake msiniulize mana jalada halina, kurasa za mwanzo zimenyofoka, inaanzia abandon na inaishia wharf, kwa hiyo mwenye shida na maneno ya X, Y na Z atajijua mwenyewe. Ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, zile za wanafunzi, na chini ya maneno mengi wameweka visawe. Nimeikuta Darajani, sokoni hapa Unguja mjini, kwa muuza vitabu vya mtumba, alitaka elfu tano nikampa tatu.

Mimi natembeza wageni, mjini na shamba kwenye viungo kule Kizimbani, na Kiingereza changu ni cha kuokota si cha skuli. Kilichonipeleka kutafuta kamusi ni neno moja tu, fine. Neno hilo nalijua toka mtoto, how are you, fine, basi yameisha. Sasa siku moja nna bibi wa Kiingereza, tumeshazunguka mikarafuu na midalasini tumekaa mkekani tunakunywa chai ya mchaichai, namuuliza nikuongeze? ananambia I'm fine. Mi nkajua ananipa hali yake, alhamdulillahi mzima, nikamimina. Namuuliza tena, I'm fine, thank you, nikamimina. Mara ya tatu akaziba kikombe kwa kiganja. Dereva wangu mpaka leo akinikuta na birika ananambia I'm fine.

Nimerudi na kamusi nikaifungua hapo hapo kwenye daladala, na hapa lazima niisifu. Imeandika wazi kwamba fine kwenye kukaribishwa ni kukataa kwa adabu, inatosha, sitaki zaidi. Na hilo tunalo wenyewe jamani! Mtu anakula akikwambia karibu unamjibu starehe, hapo hujamwambia kwamba una raha, umemwambia sili. Ningelijua toka mwanzo kwamba fine ya yule bibi ni starehe yetu nisingemjaza maji mtoto wa watu.

Halafu inakupa na nyengine zote: mchanga fine ni huu laini wa Paje unaoingia mpaka kwenye tundu la chaja, uzi fine ni mwembamba, siku fine ni ya jua bila mvua, dhahabu fine ni safi isiyochanganywa. Faini ya trafiki imewekwa peke yake kama neno jengine kabisa, lakini wameandika kwamba yote mawili yamepitia Kifaransa na asili yake ni Kilatini, finis, yani mwisho. Hapo nilikaa nikafikiri. Faini ni pesa ya kumalizia shauri, na kitu fine ni kile kilichofikishwa mwisho wake, kama sisi tunavosema kimekamilika. Finish imo kwenye ukoo huo, na finance pia. Kwa elfu tatu mi naona hiyo kurasa moja imeshalipa.

Sasa lawama. Visawe vyake vimepangwa mstari mmoja kama foleni ya mkate, excellent, thin, delicate, sunny, healthy, hakuna anayekwambia kipi kinakwenda wapi. Mi kwa ujuaji wangu nikachagua delicate mana linasikika la kisomi. Nikawapeleka wageni Nungwi wakapande jahazi jioni, nikawaambia mafundi wa hapa wanasifika kwa vyombo, this is a very delicate dhow. Mama mmoja akawavuta wanawe nyuma akauliza maboya yako wapi. Kumbe delicate ni kizuri ndio, lakini kizuri cha kuvunjika, kama kikombe cha kaure, na nani anataka kupanda kikombe baharini? Fine dhow lingetosha. Na thin sand pia msijaribu, nshajaribu mimi kwa niaba yenu.

Kitu chengine haina sauti. Kuna siku mgeni na mkewe walikua wanabishana juu ya kwenda Jambiani ama kubaki, mke akasema fine! akaingia garini akabamiza mlango. Nimetafuta kamusini, wameandika ni kukubali. Kukubali gani kule? Ile ni haya yetu ya kuitikia, haya ya mtu aliyechoka na wewe, na haya unaijua kwa sauti tu haiandikiki, kwa hiyo hili siwalaumu sana.

Maandishi madogo mno, usiku kwa taa ya simu macho yanatoka machozi, na karatasi ina harufu ya kabati la bibi. Ila haili bando wala haikatizi na matangazo, ile programu ya kwenye simu niliyokua natumia ukiandika fine inakupa nzuri, nukta, imemaliza.

Naipa nyota tatu na nusu kwa tano. Wenzangu wa kutembeza wageni nunueni kama mtaiona, lakini ukishachagua kisawe muulize kwanza mtu anayekijua Kiingereza kabla hujakitia mdomoni mbele ya wageni kumi. Na mkifika Darajani msitoe elfu tano, mgeuzieni nyuma mumuoneshe kwamba imeishia wharf, atashuka.