Mafungo ya wanachuo: Bagamoyo au Lushoto?

Kila muhula ukikaribia kuisha grupu linawaka, twende wapi tukatulize roho, wengine Bagamoyo wengine Lushoto, na humo kuna Waislamu, Wakristo na wale wa "mimi nipo nipo tu".

Kwenye nauli Bagamoyo inashinda bila ubishi, toka Dar ni kama kilomita 70. Lushoto ni safari ya kutwa, halafu zile kona za kupanda kutoka Mombo, wenye kichefuchefu wabebe mifuko yao.

Kwa mchanganyiko wa dini pia Bagamoyo ina chake: Kaole kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13, misheni ya Wakatoliki nayo ilianza 1868, vyote mnavimaliza siku moja na watu wanaanza kuulizana maswali wenyewe bila mtoa mada. Ila utulivu sasa! Mtu anaaga anaenda kusali, unamkuta soko la samaki anashushia pweza na supu. Lushoto baridi yenyewe ndo mlinzi, hasa Juni na Julai, saa mbili usiku kila mtu na blanketi lake, na asubuhi pale Irente ukungu ukifunguka nyika yote iko chini ya miguu yenu, hata mbishi wa grupu ananyamaza.

Msosi ulizeni mapema kote kote, nani anachinja, na kama kuna waliofunga daku ipo? Ijumaa mchana msipange mada, Jumapili asubuhi vilevile.

Mkiwa na wikiendi moja na boom (hela ya mkopo wa chuo) halijaingia, Bagamoyo. Mkiwa na siku nne na mnataka simu zizimwe kweli, pandeni mlima, na masweta.